Jora la Sahra

Guangzhou, China

Abaayo Fardosa, mdogo wangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Magoti ya hooyo, mama yetu, yanaendeleaje? Mvua imefika Garissa, au bado mnaangalia mawingu yakipita kwenda Wajir? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila moyo unachemka. Nakuandikia kwa Kiswahili kusudi hooyo akiiokota barua hii asiielewe, maana angenikataza.

Uliniuliza mji huu ukoje. Kuna mnara kando ya mto unaobadilika rangi kila ukipepesa macho. Treni zinapita chini ya ardhi na juu yake watu wanakunywa chai, hawana habari. Lakini zunguka nyuma ya maghorofa ya vioo, utakuta vichochoro vyembamba hata jirani anaweza kumpa jirani chumvi dirishani, na suruali za wazee zimeanikwa juu ya vichwa vya wapita njia. Muuza viazi vitamu wa mkokoteni analipwa kwa simu. Hilo halikunishtua, sisi ni wa zamani huko. Punda sijamwona hata mmoja. Nasikia ngozi zao tu ndizo zinazofika huku, kutoka kwetu.

Jioni wanawake wazee hucheza uwanjani karibu na chumba changu. Wote wamevaa blauzi nyekundu za namna moja, na hakuna anayenuna. Nilicheka peke yangu. Kwetu mwanamke akikuta mwingine amevaa diraac, gauni la arusi, kama yake, anarudi nyumbani, na shoga anageuka adui. Jana bibi mmoja akanishika mkono akaniingiza kwenye mstari, nikacheza na buibui langu. Wazo liliniingia hapo hapo.

Unajua alichonifanyia Sahra. Nilipoondoka nilimwachia ufunguo, shoga yangu wa tangu madrasa, anitilie maji mwarobaini wangu. Akamtilia maji mume. Talaka ya Abdi ilinifikia kwa ujumbe wa sauti, nikiwa soko la vitambaa nimebeba sampuli za wateja wa mji wa Griftu ninaowanunulia vitambaa: "Halima, nimekuacha. Wewe uko mbali tayari, hutaona tofauti." Niliusikiliza mara moja tu. Nikamaliza kazi ya wateja, kisha nikaenda chooni nikalia.

Sasa wanafanya arusi baada ya Idd. Na juzi mama mwenye duka ninakonunua kila mara akanionyesha diraac ya rangi ya komamanga, maua ya dhahabu, akiwa na furaha kweli kwa sababu inakwenda kwetu. Simu yake ya kutafsiri ikatamka kwamba bibi arusi ni Sahra wa Garissa, na ametuma dalali kusisitiza iwe moja tu, isiwepo nyingine duniani. Maskini, haijui China. Kiwanda hakitengenezi kitambaa cha nguo moja. Kinatengeneza jora zima, na mabaki yanatupwa kwenye kona ya duka.

Nimeyachukua yote. Ndiyo haya uliyoyakuta kwenye kifurushi pamoja na barua hii.

Mpe fundi ayashone upesi na mdomo aufunge. Wape wanawake wanaouza maziwa ya ngamia, wape wapishi wa arusi, mpe na yule mama anayetuletea maji mtaani Iftin. Eeddo naye, shangazi yetu hajavaa kipya siku nyingi. Subirini Sahra asimame kucheza, kisha ingieni wote pamoja. Asitukanwe na mtu. Akiuliza, mwambieni: "Halima anakusalimu."

Utasema ni wivu. Ndiyo, ni wivu, na ni hasira, na usiniambie nimwachie Mungu. Malipo yake nitayasubiri pia. Abdi ningemwachia amchukue. Lakini uliponieleza kwamba kila Ijumaa Sahra anamchukua Ayan, binti yangu, na kumfundisha amwite yeye hooyo, usingizi ulinitoka.

Hooyo mkande magoti kwa niaba yangu. Msalimie abti, mjomba wetu, na mifugo yake, na shemeji mumeo umwambie viatu vyake nimevipata. Abdi usimsalimie.

Na Ayan usimshonee. Avae gauni lake la kila siku, akae mapajani pako. Ukumbi mzima ukishavaa nguo moja, mtu akimuuliza mama yake ni yupi kati ya hawa, mtoto wangu atawatazama wote na kusema hayumo.

Mimi dada yako,
Halima