Ndizi za Watu wa Chini

Mjukuu wangu Aneth,

Marahaba. Shikamoo yako imenifikia nikimkatia ng'ombe majani. Amezaa jike, na babu yako sasa anakunywa maziwa kama mtoto.

Unauliza kwa nini tulikubali mtambo wetu mdogo wa pale mtoni uungwe kwenye gridi ya taifa, wakati umeme ule ni wetu.

Nilipoolewa hapa, mfongo, yaani mfereji wa maji, ulipita kihambani kwetu, kwenye shamba letu la migomba, kabla ya kufika kwa watu wa chini. Zamu yetu ikiisha, baba mkwe aliyaachia maji yateremke, hata kama migomba yetu bado ilikuwa na kiu. Nilinuna. Nikamuuliza mama mkwe, "Maji yako kwetu, kwa nini yaende?" Akacheka. "Subiri masika, mwanangu."

Masika yakaja, mfereji ukabomoka huko juu karibu na msitu. Asubuhi nikaona watu wa chini wanapanda mlima na majembe, wengine hata majina yao siyajui. Waliutengeneza kabla ndizi nilizowapikia hazijaiva.

Juzi mtambo wetu ulijaa matope, mafundi wakauzima. Nikajua redio ya babu yako itanyamaza. Haikunyamaza. Umeme ulitujia kwa waya uleule tunaopelekea wa kwetu, kutoka kwa watu nisiowajua kabisa.

Nikashukuru, Aneth. Ila nilibaki nimesimama jikoni na sufuria mkononi, sijui ndizi zao niwapelekee wapi.

Ni mimi, bibi yako.