Vidonge Unavyomtumia Njiti

Ghorofa ya kwanza, juu ya karakana ya seremala,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu nzito kama mfuko wa saruji. Hujambo huko ugenini? Kifua chako na hiyo baridi vinaelewana? Huku sisi wazima. Mama magoti yanamsumbua, ila mdomo bado una nguvu za kugombeza nyumba nzima. Mimi ndiyo usiulize: mwashi ni mmoja tu mji huu, wengine wanapanga matofali.

Nakuandikia kwa sababu kila nikikupigia unakata, eti naongea sana. Haya, ikate barua!

Kaka, nimekasirika. Hivyo vidonge vya vitamini unavyomtumia mwanetu Njiti, makopo makubwa kama ya rangi, vinamrudisha nyuma. Tangu aanze kuvimeza anafanya mazoezi yale yale, anarudi jasho chapachapa, lakini mbio haziongezeki. Wasichana aliokuwa akiwaacha sasa wanamwonyesha visigino. Na mchujo wa timu ya vijana ni mwezi ujao! Akiukosa, mwakani umri hautamruhusu.

Kocha wake, mama mmoja mkali kama pilipili, aliniita uwanjani akanifundisha. Mtu akikimbia mbio ndefu, mwili hutoa kama moshi wa ndani kwa ndani. Ukizidi ni mbaya, ila ule wa kiasi ndio unaoipigia misuli kelele: kazi imeongezeka, jengeni! Vitamini za kwenye matunda hazina neno. Lakini ukimmiminia mtu vidonge vikali kila siku, unaufagia moshi kabla habari haijafika kwenye misuli. Alisema wataalamu wenyewe bado wanabishana, ila kwa Njiti wetu yeye haoni sababu nyingine.

Shule niliiachia njiani, lakini mimi niliyepiga plasta katika miji unayoiona wewe kwenye ramani, nilielewa palepale. Kiganja hakioti sugu ndani ya glavu. Wewe umemvisha mtoto glavu mpaka mapafuni!

Na hiyo simu yako ya video kila alfajiri? Eti ameze ukiona, afungue kinywa, ainue ulimi. Kaka, huyo ni binti yako au mfungwa?

Juzi nilimwambia avitupe. Akanitazama, macho yamemjaa machozi.

"Baba Mdogo, nikiacha, Baba atanipigia kuniangalia nini?"

Nikalirudisha kopo kabatini mwenyewe.

Najua unampenda, na kopo ndilo mkono wako wa kumfikia. Lakini usimkoseshe mtoto riziki yake kwa sababu ya upweke wako. Hataacha kwa neno langu wala la kocha, na kukudanganya hataki. Anangoja kauli yako wewe.

Mama anakusalimu. Mkeo anakusalimu pia, na kwa hili yuko upande wangu, usijisumbue kumshawishi. Shemeji yako, mke wangu, anauliza kama unakula vizuri.

Mungu akulinde, akupe afya, na akuongezee masikio.

Kesho alfajiri piga simu kama kawaida. Ila mwambie Njiti aende nayo uwanjani, ampe kocha aishike, nawe umtazame akikimbia.

Ni mimi nikupendaye hata ninapokufokea,
Mdogo wako.