Mkono wa Kulia Umefunguliwa, Ochi

Ochi, kaka yangu,

Nakuandikia kwa mkono wa kulia. Kalamu nimeishika kwa vidole, sijaibana kati ya ngumi mbili kama tulivyozoea. Mwandiko ni wa kuku, najua. Cheka tu.

Baada ya kukuzika tulihama mtaa wetu wa Lindi. Mama alishindwa kulala kwa ile nyumba. Sasa tuko Kawangware, anauza dagaa wa omena kando ya barabara, na Baba bado ni kibarua wa mjengo.

Unakumbuka maneno ya majirani wa ploti? Tulizaliwa na ngozi inayotoka malengelenge ikiguswa tu, na kila kidonda kikipona kinavuta vidole kuelekea kiganjani, hadi mikono ikajifunga kama imevishwa soksi. Wakasema Mama alirogwa. Basi daktari alimketisha yeye na Baba, akawaeleza kwamba ugonjwa huu ni wa kurithi: kila mmoja wao aliubeba bila kujua, bila kuugua, ukakutana kwetu. Hakuna mwenye makosa. Mama alilia, Ochi, lakini kilio cha mtu aliyetua mzigo.

Nikwambie ukweli, mimi upasuaji wa vidole mwanzoni niliukataa kwa sababu yako. Walikufungulia mkono, na baada ya miaka miwili ukajifunga tena. Nilikuuliza siku moja tukiwa mlangoni, Mama akitubadilishia bandeji, "Sasa ilikusaidia nini?"

Hukukasirika. "Siz, nilishika brashi miaka miwili. Hiyo hakuna mtu ataninyang'anya."

Na kweli ulizunguka Lindi yote ukiandikia watu majina kwenye vibanda. Yule mama wa chapati na maharagwe ya madondo ulimwandikia CHAPO MADODNO, akakataa kurekebishiwa, eti watu wanakuja kucheka na wanabaki kula.

Kidonda chako cha mguu kilipogeuka saratani na kukuchukua, neno lako lilibaki nami. Siku moja nikamwambia Mama, twende hospitali.

Walitenganisha vidole kimoja kimoja, wakatoa ngozi kidogo pajani wakazibia palipobaki wazi, wakapitisha waya nyembamba ili vikae vimenyooka. Kubadilisha bandeji mara ya kwanza walinitia usingizi. Nilipoamka nesi akasema, "Haya, angalia." Vilikuwa vyekundu, vimevimba, vibaya sana. Na vilikuwa vitano! Nikaita jina lako, wodi nzima ikageuka.

Siku hizi Mama anafunga kila kidole peke yake, na usiku nalala na kifaa cha plastiki cha kuvinyoosha. Kinawasha, nakitukana, nakivaa. Juzi nilikata tonge la ugali, nikaliviringa, nikalibonyeza katikati kwa kidole gumba, nikachota mchuzi. Baba aliacha kula. Alinisogezea sahani yake tu, kama mimi ndiye mgeni wa siku hiyo.

Kati ya kidole cha kati na cha pete ngozi imeanza kupanda tena. Daktari alinionya mapema. Mama alipoiona aligeuza uso, nikamwambia maneno yako ya brashi, akafuta macho akaendelea kufunga. Naogopa kidogo. Nashukuru zaidi. Asante kwa kutangulia kwenye ile meza ya upasuaji, na kwa kutonificha yaliyofuata.

Kuna kitu sijamwambia mtu. Tulipokuzika kule Siaya, kila mtu alichota udongo akakurushia. Mimi sikuweza kuushika. Mama aliniwekea juu ya bandeji, ukamwagika kabla sijafika ukingoni. Nilikuaga mikono mitupu, na iliniuma kuliko vidonda vyote.

Lala salama, kaka. Desemba tunaenda nyumbani Siaya. Nitainama polepole, ngozi yetu unaijua, nichukue udongo wa kujaa kiganja, nifunge vidole, nikuletee mwenyewe.

Dadako,
Atieno