Nimerudisha Mipangilio, Kaja Mwenyewe

Shoga, uko wapi? Nisikilize.

Unamkumbuka yule binti, karani mpya wa ofisini kwa mume wangu? Jana kamwelekeza kwa simu namna ya kupanga kompyuta yetu ya sebuleni. Saa nzima, na vicheko juu! Herufi zikawa kubwa, mshale ukawa wa njano, na picha yetu ya harusi ikatolewa kwenye skrini, likawekwa ua.

UA, shoga!

Nikamuuliza mume wangu, "Picha yetu imekukosea nini?" Akanijibu, "Mama Pacha, ilikuwa inanifichia mafaili."

Inamfichia! Miaka miwili namwambia akapime macho, hasikii. Huyo karani kasema mara moja tu, kamsikiliza.

Basi leo alipoingia kuoga nikafuta yote. Nikarudisha mipangilio ya mwanzo, na harusi yangu juu.

Katoka, kakodoa macho, haoni kitu. Unadhani kaniita mimi? Kampigia YEYE.

Sasa yuko sebuleni, kwenye kiti changu, na mume wangu ananiambia, "Mchemshie mgeni chai, kuna mtu kaivuruga kompyuta."

Jana alikuwa sauti tu kwenye simu, shoga. Leo nimemleta mwenyewe, na sasa natafuta kikombe cha wageni.