Miche Kumi na Saba, Yote Dume

Jumatatu, 3 Machi

Yamechanua! Leo asubuhi, nyuma ya maabara ya shule, mitambaa yetu ya mizizi ya rangi imetoa maua — madogo kama punje za mchele, ya kijani iliyopauka. Nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja mbio na rungu akidhani nyoka. Miaka miwili! Miche kumi na saba, kila mmoja niliunywesha kwa kikombe, hata likizo. Tukipata mbegu, kina mama wote wachimba mizizi hiyo watapanda kwao, na msitu utapumzika. Shangazi naye hatatembea tena nusu siku kufuata mzizi mmoja. Nilimkuta uani anatwanga mizizi ya rangi, mikono ya manjano hadi viwikoni. Nikamweleza yote. Akasema vizuri, sasa nikaoshe vyombo.

Jumanne, 4 Machi

Nimelia chooni. Mwalimu wa Biolojia aliyatazama maua kwa lenzi, kisha akaniita pembeni. Yote ni dume. Mtambaa huu una mmea dume na mmea jike, kila mmoja peke yake, na sisi vipandikizi vyote tulivikata kwenye mmea mmoja. Mmoja! Kwa sababu ulikuwa karibu na njia na tulivaa viatu vya shule. Bila jike hakuna mbegu.

Shangazi alicheka hadi akashika mbavu. "Mabwana harusi kumi na saba wamejipanga, bibi harusi hayupo!" Baba naye akacheka. Mimi sikucheka. (Sawa, kidogo.)

Alhamisi, 6 Machi

Baba amenidokezea — shangazi anamjua jike! Mtambaa wenye vitunda vyekundu. Aliugundua akiwa msichana, na hajamwonyesha mtu, hata Baba, kaka yake wa tumbo moja. Wachimbaji hawaonyeshani.

Nikamfuata. Nikamweleza kwamba maua yetu tunaweza kuyabeba hadi kwa jike, tukampaka chavua kwa brashi, na mbegu zitakuja. Akaendelea kupepeta. Mwishowe akasema wasusi wa mikeka wanakuja Jumatatu kuchukua rangi, na kwingine kote ameshachimba. Umebaki huo tu. Jumamosi anakwenda kuung'oa.

Nikasema ukiung'oa ndiyo basi, shangazi. Akasema, "Bibiye, mimi nilianza kuchimba kabla hujaota jino."



Ijumaa, 7 Machi

 Jioni shangazi akauliza, bila kunitazama, hiyo brashi ina manyoya gani. Nikasema laini, ni ya darasa la sanaa. Akanyoosha mkono, akajipapasa nayo shavuni.

"Haya. Alfajiri. Na hivyo viatu vya shule uviache."

Tunakwenda! Lakini jembe lake dogo limeegemea mlangoni, limenolewa hadi linang'aa.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nimekaa kwenye gogo. Tumefika! Alinizungusha makusudi — kijito kimoja tumekivuka mara tatu ili nisiishike njia. Shangazi huyu! Na upo. Mnene kama mkono wangu, umepanda mti hadi juu, na umechanua. Jike, nina uhakika, kila ua lina kinundu cha kijani katikati. Bati la biskuti nililikumbatia njia nzima. Maua yetu ndani ya kitambaa kibichi hayajanyauka. Chavua ipo!

Matawi yako juu, siyafikii. Shangazi akaninyang'anya brashi na maua machache, akakaza kanga kiunoni, akapanda. Umri ule! Sasa amebana midomo asije akayapulizia maua, anagusa moja moja. Mimi nahesabu kwa vistari hapa pembeni. Nikikosea ananigombeza.

Mwalimu alisema huenda lisishike hata moja. Na Jumatatu wasusi hao mlangoni.

Nimefungua kapu lake nitoe maji. Chupa, viazi, kamba. Jembe halimo. Nimetazama nyuma ya mti, nimepekua hata majani. Halipo.

Shangazi hasahau jembe.

Arobaini na nane. Arobaini na tisa. Anauliza kama kwenye bati yamebaki mengine.