Masikio ya Gogo

Jumapili, Keringet

Na bado mimi ndiye mpiga picha mkali kuliko wote hapa, hata kama leo nyanya yangu mwenyewe amenikataa.

Gogo, ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu, alitaka picha ya kutundika sebuleni, kando ya ile ya marehemu babu. Nikampiga picha akiwa ameketi nje, kitambaa kichwani, simu yangu ikifanya maajabu kama kawaida. Halafu ujuaji ukanipanda, nikaipitisha kwa ile app ya AI ya kusafisha sura. Mikunjo yote kwisha.

Gogo akaiangalia sana. "Huyu ni nani?"

"Ni wewe, gogo. Nimekurudisha usichana."

"Na masikio yangu umepeleka wapi?"

Wacha nishtuke! Yale masikio yake yaliyotobolewa na kuvutwa kitambo, app ilidhani matundu yake ni vidonda, ikayaziba.

Redio kila siku inasema AI itatunyang'anya kazi, na mimi cheti sina, nina simu tu. Hiyo huninyima usingizi, sitadanganya. Lakini kumbe hiyo kitu haijui hata sikio!

Nikampiga tena bila app. Safari hii aligeuza kichwa mwenyewe, sikio likae mbele. "Hapo sasa. Babu yako alinijua kwa haya."

Nikataka kufuta ile ya kwanza. Akaninyang'anya simu, akaingia ndani, akaiinua mbele ya picha ya babu ukutani.

"Mzee, sema ukweli. Huyu msichana ulikuwa unamficha wapi?"