Ishirini na Tano

Tassia, Nairobi
Jumanne

Mama Neema,

Pokea salamu zangu ukiwa umekaa, si ukiwa umesimama jikoni huku sufuria inachemka, maana barua hii ni ndefu. Mimi ni mzima, nakula, nalala, na lile jino limeacha kunisumbua tangu nilipofuata ushauri wako. Wewe hujambo? Kifua cha Neema kimetulia? Na mama, bado anakataa kuvaa sweta asubuhi akidai baridi ya Kimilili ni ya watoto wa siku hizi? Mwambie nimeuliza, na nitauliza tena.

Najua unachotafuta katika barua hii, kwa hiyo nisikuzungushe. Unataka kujua kama chuo kimenithibitisha kazini, ili wewe na Neema mje tuishi pamoja shule zitakapofunguliwa. Ningekupigia, lakini ile simu yako mnaisikiliza watu watatu, na mara zote mbili ulizoniuliza nilijifanya mtandao unakatika. Mtandao haukuwa unakatika. Nilitaka usome peke yako kwanza, polepole, halafu uamue mwenyewe utamwambia mama nini. Barua anakuletea binamu yangu Barasa anayesafiri Alhamisi.

Nianze na kazi yenyewe, la sivyo hutaelewa nilivyojiingiza matatani. Kompyuta za chuo chetu hazina diski. Ukiifungua moja, pale ambapo kompyuta ya kawaida huweka kumbukumbu zake, hamna kitu. Madam Njoki, mkuu wa chuo, alizipata kutoka ofisi iliyokuwa inahama, na wenyewe walizitoa diski zote kabla ya kuziachia. Kompyuta ya namna hii ikiwashwa haijijui. Inapiga hodi kwenye waya na kuuliza mimi ni nani, na kazi yangu iko wapi. Mashine moja kubwa inayokaa stoo, tunaiita seva, ndiyo huitikia. Inaipa namba ya kutumia, inaielekeza faili la kuanzia, na baada ya dakika moja hivi mwanafunzi anaona skrini iliyo tayari kama ya kompyuta nyingine yoyote.

Katika jengo la zamani mambo haya yalikuwa yanakwenda bila mimi kugusa chochote. Kisha Madam akakodi ghorofa ng'ambo ya barabara, juu ya duka la misumari na mabati, tukaweka humo darasa la kompyuta kumi na nane. Kebo ya kuunganisha majengo hayo mawili aliivuta Mzee Omari. Huyu ni mtunza stoo wetu, mtu wa Majengo, ule mtaa wa Waswahili hapa Nairobi, kuzaliwa na kukulia, na umri wake ni kama wa marehemu baba. Hakusomea kompyuta, lakini amevuta nyaya za umeme na za simu tangu ujana wake. Aliipitisha ile kebo ndani ya bomba, juu ya paa, kati ya matangi ya maji na kamba za nguo, na kazi yake ukiitazama inapendeza. Darasa lilikuwa lifunguliwe Ijumaa. Miezi yangu mitatu ya majaribio ilikuwa inaisha Jumatatu inayofuata. Kwa hiyo kila mtu alijua kwamba darasa hilo ndilo mtihani wangu.

Nikaziwasha. Hakuna hata moja iliyoamka. Skrini nyeusi, maandishi meupe ya kusema hakuna aliyeitikia, halafu inajaribu tena, halafu inasema yale yale.

Nikafanya kama tulivyofundishwa. Nilichukua kompyuta moja ya jengo jipya nikavuka nayo barabara nikiwa nimeikumbatia kama mtoto mgonjwa, nikaichomeka kule kwenye jengo la zamani. Ikaamka bila shida. Nikaleta ya huko huku, ikagoma. Basi kompyuta hazikuwa na kosa, kosa lilikuwa njiani. Hapo ndipo nilipokumbuka ruta. Kila jengo lina mtaa wake wa namba, na katikati kuna hiyo ruta, kisanduku cha kupitisha ujumbe kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine. Ujumbe wenye jina la mpokeaji inaupitisha. Lakini mtu anayepaza sauti kwa yeyote anayesikia, kama ile hodi, inamzuia mlangoni, la sivyo majengo yangepigiana kelele kutwa. Ukibisha hodi kwenu, huwezi kutarajia mama aitikie ng'ambo ya mto. Dawa yake ni kuiambia ruta: ukisikia hodi upande huu, ichukue wewe mwenyewe uipeleke kwa seva, namba yake ni hii.

Nilichokosa ni hiyo namba. Imeandikwa kwa kalamu kwenye kibandiko kilichobandikwa kwenye seva, na seva iko stoo, na mimi nilikuwa ghorofa ya tatu ng'ambo ya barabara na nimechoka kupanda ngazi. Nikampigia Mzee Omari. Namba zote za jengo la zamani zinaanza na kumi, kumi, ishirini, kisha namba ya mwisho, kwa hiyo nilimwomba anisomee mkia tu. Akavaa miwani yake, nikamsikia akihema karibu na simu, akasema, "Ishirini na tano."

Hapa mjini hakuna anayesoma namba kwa Kiswahili, Mama Neema. Hata muuza nyanya hutaja bei kwa Kiingereza. Mzee Omari peke yake ndiye bado anazisoma kwa Kiswahili, tena kile cha kwao kilichonyooka, na mimi nilijiona mjanja kwa kumwelewa upesi. Nikaiandikia ruta: kumi, kumi, ishirini, ishirini na tano. Nikaiita namba hiyo kutoka kwenye laptopu yangu nione kama yupo mtu. Ikaitika pale pale. Nikasema, haya, tumemaliza.

Kompyuta hazikuamka. Nilizizima na kuziwasha siku mbili nzima. Wanafunzi waliokuja kuchungulia darasa lao walikaa mlangoni, mmoja akaniuliza, "Fundi, hizi mashini zitawaka leo ama tuishie?" Nikamwambia aishie, yaani aende zake.

Sasa sikiliza nilivyofikiri, kwa sababu ndipo kosa lilipo. Nilijiambia: ruta inapeleka hodi, namba ya seva inaitika, kwa hiyo mimi nimefanya yangu. Kilichobaki ni kebo. Nikaamua kwamba kebo inapitisha vitu vidogo lakini mzigo mkubwa unadondoka njiani. Sikuipima. Chuo hakina kifaa cha kuipimia, nami sikwenda kuazima. Nilikwenda moja kwa moja kwa Madam nikamwambia kazi ya waya ni mbovu.

Madam Njoki si mtu mbaya, ila akishikwa na haraka husema mambo ambayo akishayasema hayarudishi. Alimwita Mzee Omari mbele yangu. Alimuuliza ni nani aliyemtuma kugusa kazi asiyoisomea. Mzee alisema kebo yake ni nzima. Alisema hivyo mara moja tu, hakurudia. Madam akamwambia kwamba mwisho wa mwezi akabidhi funguo za stoo, atatafuta kampuni ya kuvuta kebo upya na kijana wa kushika stoo. Mimi nilikuwa nimesimama pale nikitazama kalenda ukutani.

Tangu siku hiyo mzee alikuwa akipanda juu ya paa kila asubuhi. Alizikata ncha za kebo na kuzifunga upya, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, jua likimpiga kichwani, kisha anashuka na kuniuliza kwa adabu kama kuna mabadiliko. Namwambia hakuna.

Alhamisi Madam aliniomba ripoti ya maandishi kuhusu kebo, ili aipe hiyo kampuni. Nikaiandika ukurasa mzima, kwa maneno makubwa, nikaituma kwenye printa ya ofisi. Printa ikagoma kidogo, karatasi zilikuwa zimekwisha. Nikainama kuziweka. Printa hiyo ina kidirisha kidogo kinachoonyesha hali yake, na chini kabisa huonyesha namba yake. Kumi, kumi, ishirini, ishirini na tano.

Nilibaki nimeinama. Printa. Siku zote zile hodi za kompyuta kumi na nane zilikuwa zinapelekwa kwa printa, nayo itaitikia nini? Na nilipoiita ile namba kwa laptopu, aliyeitika alikuwa printa.

Nikashuka stoo. Sikumwambia mzee chochote, nilimwomba tu anisomee tena kile kibandiko, mimi nikiwa nimesimama kando yake. Akaweka kidole chini ya namba ya kwanza ya mkia, akatulia, akakisogeza. "Ishirini. Na tano."

Ishirini, halafu tano. Namba ya seva ilikuwa kumi, kumi, ishirini, tano. Wewe unayewafundisha watoto wa chekechea kuhesabu utacheka, na ucheke tu. Nilimwomba mkia, na yeye alinipa mkia wenye namba mbili, akaziunganisha kwa "na" kama anavyounganisha Mswahili yeyote anayetaja vitu viwili. Mimi ndiye niliyezifanya moja. Mzee alisoma sawasawa.

Kuirekebisha ruta kulinichukua muda mfupi kuliko kuandika sentensi hii. Nilivuka barabara, nikawasha kompyuta ya kwanza, ikapata namba yake, ikapakia faili, ikaamka. Kisha zote. Madam alipanda ngazi mwenyewe kuja kuona, akapiga makofi, akasema, "Si nilijua ni hiyo kebo." Asubuhi hiyo Mzee Omari alikuwa ametoka kuzifunga ncha kwa mara ya nne, basi ikaonekana amerekebisha uharibifu wake mwenyewe. Mzee alikuwa mlangoni na koleo mkononi. Alitazama zile skrini, akatazama mikono yake, akashuka.

Na mimi nilinyamaza. Nakuandikia hili waziwazi kwa sababu sitaki ulisikie kwa mtu mwingine. Madam alikuwa amesema barua yangu ya kuthibitishwa iko tayari, ataitia sahihi Jumatatu. Nilikuwa nimeshaona chumba cha kutosha watu watatu, hapa hapa Tassia, chenye dirisha linaloingiza mwanga, jambo ambalo huku si la kawaida. Nilikuwa nimeshapanga kitanda cha Neema kitakaa upande gani. Nikajiambia mzee atapata kazi nyingine, anajulikana kwao. Nilijiambia hivyo Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, na kila nilipojiambia niliona aibu zaidi.

Jumatatu niliingia ofisini nikaanza kusema kabla sijakaa. Nilimweleza yote, namba, printa, ngazi nilizoona uvivu kuzipanda, na zile siku nne za kunyamaza. Madam alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Wekesa, kukosea namba ningekusamehe saa hii. Lakini uliniangalia machoni ukaniacha nimfukuze mzee wa watu." Barua aliirudisha kwenye droo. Mzee Omari anabaki na stoo yake. Mimi nimeongezewa majaribio ya miezi mitatu mingine, na nikikosea tena hakutakuwa na mazungumzo.

Nilikwenda kumwambia mzee mwenyewe, kwa sababu sikutaka aambiwe na ofisi. Nilimkuta ameketi anazifunga funguo za stoo kwa kamba, kila moja na kipande cha karatasi cha kuonyesha mlango wake, tayari kwa huyo atakayekuja. Nikamwomba radhi. Nilitegemea atanitukana, na ningepokea. Aliendelea kuvitazama vile vikaratasi.

"Mwanangu," akasema, "mimi nilikuwa nimeshaamini ni mikono yangu. Hata mke wangu nimemwambia, mikono imekwisha."

Tulikaa pamoja tukazifungua funguo kutoka kwenye kamba, moja moja, akawa ananitajia kila mlango. Alipokuwa anafunga stoo jioni aliniambia anawahi nyumbani, ana jambo la kumsahihishia mama watoto.

Basi na mimi nina la kukuambia wewe. Muhula huu hamji. Chumba chenye dirisha nimekiachia mtu mwingine, na Neema ataanza darasa la kwanza hapo Kimilili bila baba yake kumshika mkono getini. Hilo limeniuma kuliko kitu chochote kilichonipata tangu nifike Nairobi, na siwezi kumlaumu mtu. Kasirika, una haki yako. Ukimaliza kukasirika niandikie, hata kama ni mistari miwili ya kunigombeza.

Nisalimie mama, na umwambie mwenyewe kwa namna utakayoona inafaa. Nisalimie dada yangu mkubwa Nafula na watoto wake, mjomba Simiyu ambaye ng'ombe wake nasikia amezaa, kaka yako anayeimba kwaya, na jirani yetu Mama Sarah anayekusaidia kuchota maji. Mwalimu mkuu wako mshukuru kwa kukupa ruhusa ile wiki Neema alipougua.

Neema akikuuliza kwa nini hamji, usimwambie ni kazi. Mwambie baba alikosea, akachelewa kusema, halafu akasema.

Mume wako,
Wekesa